Koki Juu ya Kochi

Wifi yangu ni mwalimu wa mabomba. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wakisikia neno mwalimu humwazia mtu wa chaki na miwani, na wifi yangu hana hata kimoja. Ana spana. Hukaa kwenye mkoba wake akienda sokoni, akienda msibani, akienda kumwona mgonjwa. Gauni lake la harusi nililishona mimi, na siku ya kulipima alinivuta pembeni akaniomba nimtilie mfuko kwenye mshono wa kiunoni. Nikamuuliza, bibi harusi gani anabeba mzigo? Akanijibu, "Wewe tia tu, wifi." Nikatia. Kaka yangu alioa mke na spana kwa mpigo mmoja, na mpaka leo hajui.

Wanafunzi wake wanamwita Bi Spana. Anajua, ila anajifanya hajui. Ni mwanamke wa maneno machache na mabega mapana, na ukimkaribisha nyumbani kwako huna raha. Atakusalimu vizuri, ataulizia watoto, kisha utamwona ameinamisha kichwa kama anayesikiliza umbea wa chumba cha pili. "Tangi lako la choo linavuja," atakwambia, na kabla hujajibu ameshaingia msalani, amepiga magoti, ameegemeza shavu kwenye bomba. Ndiyo njia yake. Jicho linadanganywa na mwanga, anasema, na kidole kina sugu, lakini shavu halifichwi unyevu. Kila kiungo cha bomba cha mwanafunzi kilikuwa lazima kiguse shavu lake kabla ya kupewa alama. Ulipokuja ule wakati wa kukatazwa kujigusa uso, nilijua wazi kwamba katazo lile limemlenga yeye.

Chuo anachofundisha kilipomwajiri hakikuwa na karakana ya mabomba. Kulikuwa na banda lililojaa madawati mabovu, na paka aliyekuwa amezaa humo. Wifi akamhamisha paka na wanawe, akayageuza madawati kuwa meza za kazi, akazunguka kwa wakandarasi akiomba vipande vya bomba vilivyobaki, masinki yenye nyufa, vyoo vilivyokosa wa kuvikalia. Akajenga humo ndani ukuta mrefu wenye mabomba ya kila namna, ili mwanafunzi aufungue na kuufunga apendavyo. Akiitaja karakana ile utadhani anamtaja kifungua mimba wake. Wanawe wa kweli wawili, ambao sasa wana nyumba zao, walishazoea kuwa wa pili na wa tatu.

Kisha maradhi yakaja, na hakuna haja ya kueleza yalivyokuja. Mimi ni fundi cherehani wa magauni ya sherehe. Sherehe zikapigwa marufuku. Nikashona barakoa mpaka mtaa ukawa na barakoa nyingi kuliko nyuso, halafu nikafunga duka, nikahamia kwa kaka nikisema ni kwa muda mfupi. Kaka akanipokea kwa uso wa mtu anayejua urefu wa muda mfupi wa dada zake. Yeye ni karani mkuu wa kampuni ya bima, na siku zile alikuwa akifanyia kazi sebuleni: juu shati na tai, chini bukta, kompyuta kwenye meza ndogo mbele ya kochi. Ni mtu nadhifu, mpenda utulivu. Namhurumia hata sasa ninapoandika haya.

Mkuu wa chuo, kijana wa maneno laini na mwenye imani kubwa na kila kitu chenye kioo, aliwaita walimu wote kwenye mkutano wa simu. Akatangaza kwamba kuanzia Jumatatu masomo yote yatafundishwa mtandaoni. Walimu wa kompyuta wakashangilia. Wifi akaomba nafasi.

"Mkuu, na maji nayo yatapita mtandaoni?"

"Mwalimu, tuwe wabunifu."

"Mwanafunzi akaze nati kwa kuitazama?"

"Tuwe wabunifu tu, Mwalimu," akasema mkuu, kisha kwa sauti ileile laini akaongeza kwamba kozi yoyote itakayofika mwisho wa muhula bila hata mtahiniwa mmoja kufaulu mtihani wa vitendo itafutwa, na jengo lake litafanywa chumba cha kompyuta, maana huko ndiko dunia inakoelekea.

Wifi akakata simu, akakaa kitako kwenye kigoda cha jikoni, spana mikononi. Mimi, kama wifi yeyote mwenye adabu zake, nilikuwa nimeshaandaa neno la kumchokoza. Nililimeza. Nilimwona ameogopa, na katika miaka yote tuliyotaniana na kununiana sikuwahi kumwona hivyo. Ikanichoma.

Mwanzoni alijaribu njia ya kawaida. Nilishika simu, yeye akakaza na kulegeza mbele ya sinki la jikoni, na wanafunzi wake kumi na wawili wakatazama kutoka makwao, kila mmoja katika kisanduku chake. Akawaambia wafanye mazoezi kwa chochote walicho nacho. Hapo ndipo alipoharibu.

Binti mmoja aliyekuwa akiishi ghorofa ya nne, ambaye tukamwita Ghorofa, alifungua bomba la bafuni kwao kwa ustadi wa kupigiwa makofi. Alisahau tu kufunga koki kuu kwanza. Majirani wa ghorofa ya tatu, ya pili na ya kwanza walipata somo lile bila kujiandikisha. Kijana mwingine, Mrefu, tuliyemwita hivyo kwa kuwa kisanduku chake kilionyesha kidevu tu, kwao hapakuwa na bomba hata moja. Maji yalikuja kwa ndoo. Yeye alitumia vikonyo vya majani ya mpapai, vile vilivyo wazi katikati. Akavikata, akaviunganisha, akajenga uani mfumo mzima wa maji wa nyumba ya vyumba vitatu. Wifi alikiri kwamba ni kazi safi. Mrefu akaenda kuchaji simu ili amwonyeshe mwalimu sehemu iliyobaki, na aliporudi, mbuzi wa jirani alikuwa ameshaila yote, kuanzia tangini mpaka chooni.

Alikuwepo pia Kimya. Huyo hakuwahi kusema neno mbele yetu. Kisanduku chake kilionyesha dari ya chumba chao, na kila alichotaka kusema alikiandika. Nilimdhania ana majivuno. Wifi akaniambia ana kigugumizi, na kwamba karakanani hilo halikuwahi kumsumbua mtu, kwa kuwa kule watu walikuwa wakitazamana mikono.

"Sasa hivi tunatazamana midomo," akasema wifi, "ndiyo maana hakuna kazi inayokwenda."

Akanitazama. Nilikuwa nakunja nguo zilizokauka. Alinitazama muda mrefu, hasa mikononi, mpaka nikaificha.

"Wifi, wewe unajua nini kuhusu mabomba?"

"Maji hutoka."

"Na kingine?"

"Yasipotoka unaitwa wewe."

"Vizuri sana," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu ule mkutano nikaona meno yake. "Ndiye mtu ninayemtaka."

Mpango wake ulikuwa huu. Vifaa vyote vya karakana angevileta nyumbani. Mwanafunzi angekaa kwao na kuongoza kwa simu, na mimi ningefanya atakachosema, bila kupunguza wala kuzidisha. Mikono yangu, akili yake. Kwa kuwa nilikuwa sijui lolote, nisingeweza kumsaidia yeyote hata ningemwonea huruma namna gani. Ujinga wangu, alisema wifi, ndio utakaoulinda mtihani usiwe wa udanganyifu. Nimewahi kusifiwa kwa mishono, kwa mapishi na kwa sauti. Kwa ujinga ilikuwa mara ya kwanza, na sikujua nishukuru au ninune. Mkuu wa chuo alipoelezwa, alifurahi karibu aanguke kitini. "Huo sasa ndio ubunifu!"

Vifaa vikaja kwa mkokoteni. Kaka alisimama mlangoni na tai yake akiyatazama mabomba yakiingia, moja baada ya jingine.

"Mke wangu, haya yote yanakaa wapi?"

"Ukutani."

"Ukuta upi?"

"Tutaona," akasema wifi, na kweli tuliona.

Kila mwanafunzi alitakiwa kuvuta bomba lake kutoka kwenye bomba la bafuni, lipite mahali alipochagua, na mwisho wake lifungwe koki inayotoa maji. Na kwa amri ya bodi ya mitihani, kazi ya mtahiniwa haikuruhusiwa kung'olewa wala kujaribiwa kwa maji mpaka mkaguzi aione. Ukuta wa bafuni ulitosha wanafunzi watatu. Baada ya hapo tukatoka nje ya bafuni, na tulipotoka hapakuwa na wa kutuzuia.

Nilijishonea mkanda wa kifuani wenye mfuko wa kitambaa cha kuonyesha, nikaitia simu humo ili mikono ibaki huru. Kazi ikaanza, na hapo ndipo nilipojua kwamba kutii ni ufundi mgumu kuliko kushona. Wanafunzi hawakujua kusema mambo waliyokuwa wakiyafanya kwa mikono tu. "Shangazi, kata hapo." Hapo wapi? "Hapo ulipo." Nilikuwa jikoni. Mrefu alisema koki yake ikae usawa wa kifua, na alikuwa na maana ya kifua chake, kwa hiyo nikapanda ngazi, na koki ile ikakaa koridoni mahali ambapo hakuna mtu wa nyumba ile aliyeweza kuifikia. Ghorofa aliniambia "kaza," halafu mgeni akabisha hodi kwao, akaenda kumfungulia. Hakusema acha. Nikakaza. Nikakaza mpaka jasho likanitoka na nati ikapasuka kwa mlio kama wa bastola. Wifi alikuwa pembeni yangu muda wote, midomo ameikunja ndani, macho yamemtoka, hasemi kitu. Nilimcheka mpaka mbavu zikauma. Yeye hakucheka.

Kisha tukagundua kwamba kila bomba linatokeza. Milango ilikuwa haifungi sawasawa, kabati la jikoni lilisimama upande, na mlango wa jokofu ulihitaji kubembelezwa. Wanafunzi wakaanza kulaumiana vipimo. Wifi akachukua futi, akapima mabomba yote, kisha akanigeukia taratibu.

"Wifi, ukiambiwa kata sentimita arobaini unakata ngapi?"

"Arobaini na moja na nusu."

"Kwa nini?"

"Nafasi ya mshono," nikasema. Nilikuwa nashangaa anauliza. Fundi gani anakata kitu bila kuacha nafasi ya mshono?

Wifi alikwenda uani akakaa huko kwa kitambo, na aliporudi akawaambia wanafunzi wote kwamba kuanzia siku ile, kila watakapotaja kipimo waongeze maneno "bila mshono". Ndivyo walivyofanya mpaka mwisho, na nasikia wapo wanaosema hivyo hata leo kwenye majengo makubwa, wenzao wakiwashangaa.

Koki zikaenea. Moja jikoni karibu na jiko, moja nyuma ya jokofu, moja juu ya mlango wa mbele, mbili chumbani kwa kaka na wifi, kila mmoja na yake kama taa za kusomea. Ya Kimya ilipita sebuleni. Aliniongoza kwa maandishi, sentensi fupi, kila moja imekaa mahali pake, na ndiye pekee aliyenifanya nijione nina akili. Njia fupi na iliyonyooka kuliko zote ilikuwa kukata ukuta wa sebule, na mwisho wake ulikuwa juu ya kochi, nusu mkono juu ya kichwa cha kaka.

Kaka alijikaza kisabuni. Asubuhi yake aliingia mkutanoni, na nikiwa mlangoni nilimsikia bosi wake akiuliza kutoka kwenye kompyuta, "Karani mkuu, hicho ni nini hapo kichwani kwako?"

"Ni koki, bosi."

"Ya nini?"

"Ya Kimya, bosi."

"Pole sana," akasema bosi, na wakaendelea na habari za bima. Jioni kaka alimwambia mkewe kwamba yeye si mtu wa makuu, ila anaomba chumba kimoja tu ndani ya nyumba yake ambacho hakitoi maji. Wifi akamjibu kwamba mtihani ukipita atakuwa na nyumba nzima, lakini usipopita atakuwa na mke asiye na pa kwenda asubuhi. Kaka alitafuta mwavuli, akaufungua, akauegemeza nyuma ya kochi kwa tahadhari.

Siku ya mtihani mkaguzi alitokea kwenye simu. Alikuwa mzee mwembamba mwenye koti lililofungwa vifungo vyote, na sauti ya mtu ambaye hajawahi kurudia neno. Akatoa masharti. Mwalimu akae kwenye kiti koridoni, mbele ya simu ya pili, aonekane muda wote. Asiguse kitu. Asiseme kitu. Akifungua mdomo, mtihani wote unafutwa. Wifi akakaa, magoti pamoja, spana mapajani. Uso wake ulikuwa umekauka.

Nikafungua koki kuu. Nyumba nzima ikanguruma, mabomba yakajaa. Mkaguzi akawaita wanafunzi mmoja mmoja, kila mmoja akaniongoza kwenye koki yake: fungua, funga, pitisha karatasi laini kwenye viungo, onyesha karatasi kama ni kavu. Ghorofa, kavu. Mrefu, kavu, nikiwa juu ya ngazi. Jikoni, kavu. Chumbani, kavu. Kila niliposema "kavu," nilisikia kiti cha wifi kikilia koridoni.

Kimya alikuwa wa mwisho. Sebuleni kaka alikuwa katikati ya mkutano wa mwaka, ambao kampuni ilikataa kuuahirisha kwa ajili ya mabomba ya mtu. Nikapanda kwenye kochi kando yake, nikajikunja ili nisionekane sana, nikashika koki. Ujumbe ukaingia: fungua nusu. Nikafungua nusu.

Kiungo kikaachia. Hayakuwa matone. Maji yalitoka kwa nguvu kati ya bomba na koki, yakanipiga usoni, yakapiga ukuta, yakamshukia kaka juu ya tai. Nikakibana kiungo kwa mikono yote miwili, maji yakatafuta njia kati ya vidole. Kaka aliinyanyua kompyuta juu ya kichwa, kwa hiyo wakubwa wote wa kampuni ya bima wakawa wanatazama dari yetu, na akaendelea kusoma taarifa yake ya mwaka kwa sauti, bila karatasi, huku maji yakimwingia mdomoni. Mwavuli ulikuwa nyuma ya kochi na hapakuwa na mwenye mkono wa kuushika.

Simu kifuani mwangu ikalia. Ujumbe. Ikalia tena. Kioo kilikuwa kimelowa na mikono yangu ilikuwa na kazi.

Koridoni wifi alisimama.

"Mwalimu," akasema mkaguzi, "kaa."

Nilimwona kupitia mlangoni. Alikaa, akakitia kishikio cha spana mdomoni, akakiuma. Miaka yote ile ya kazi yake ilikuwa inamwagika juu ya kochi, na yeye ndiye aliyekatazwa kuizuia.

"Kimya!" nikapiga kelele. "Baba, siwezi kusoma! Sema!"

Wale wenzake kumi na mmoja hawakusema kitu. Kisha nikasikia pumzi, na neno la kwanza likaanza kuja. Sitaliandika lilivyotoka. Anayekijua kigugumizi anajua, na asiyekijua asitafute cha kuchekea hapa. Lilichukua muda mrefu. Ningeweza kubahatisha alichotaka kusema, mtu yeyote angebahatisha, lakini kazi yangu ilikuwa kungoja. Nikangoja. Maji yalinishuka mgongoni mpaka kwenye viatu.

"Shangazi," akasema. "Achia. Nenda kafunge koki ndogo, nyuma ya mlango."

Nikaachia. Kaka akapokea maji yote kifuani, akaendelea na taarifa. Nikakimbia nikafunga, maji yakakata.

"Sasa fungua nati. Toa tepu nyeupe yote. Uliizungusha kinyume."

Na kweli. Ile tepu nyeupe inayozungushwa kwenye meno ya bomba ili maji yasipite, wenzake wote walinitajia upande wa kuizungushia. Yeye aliandika tu "zungusha," naye alikuwa na haki, maana kila fundi bomba anajua upande. Mimi nilizungusha kwa upande ninaojazia uzi kwenye bobini ya cherehani, kama nilivyofanya maisha yangu yote. Kwa hiyo kila nilipokaza koki, tepu ilikuwa ikijifungua yenyewe humo ndani.

Akaniongoza upya, neno kwa neno. Kwa kufuata mkono wa saa. Vuta ikaze. Funga nati kwa mkono kwanza. Sasa spana, robo mzunguko. Acha. Alikuwa akikwama na kuendelea, akikwama na kuendelea, na hakuna aliyemmalizia hata neno moja. Nikafungua maji. Nikapitisha karatasi laini, nikaiinua mbele ya kifua ili mkaguzi aione. Ilikuwa kavu, ingawa mimi nilikuwa nachuruzika.

Mkaguzi alipekua kurasa zake.

"Kazi ni nzuri," akasema mwishowe. "Viungo vyote nimeridhika navyo. Kuna tatizo moja. Kanuni inasema mtahiniwa afanye kazi kwa mikono yake mwenyewe, na leo nimeona mikono ya mtu mmoja tu. Mama, unaitwa nani?"

Nikatazama nyuma yangu. Palikuwa na kaka tu.

"Mimi ni fundi cherehani," nikasema.

"Sikuuliza kazi."

Akaeleza bila haraka. Angeweza kuniandika mimi kuwa nimefaulu mtihani wa vitendo wa mabomba, na hao kumi na wawili wakaandikwa hawakufanya, wasubiri chuo kifunguliwe. Ama angeweza kuufuta mtihani wote, mwalimu akakata rufaa, na rufaa zitasikilizwa muhula unaokuja.

"Huyu hata hajajiandikisha!" akasema wifi. Alikuwa ameshafika sebuleni.

"Kujiandikisha kwa kuchelewa kunaruhusiwa. Kufanyiwa mtihani hakuruhusiwi. Sasa unaweza kusema, Mwalimu. Amua."

Wifi akanitazama nilivyolowa, kisha akaitazama simu kifuani mwangu, mahali walipokuwa wanafunzi wake.

"Huyu hajui tofauti ya nati na kifungo," akasema. "Waliofanya ni hawa. Siwezi kuchukua jasho la watoto wangu nikampa mtu mwingine. Futa. Nitakata rufaa."

Sote tulijua maana yake. Muhula unaokuja kungekuwa na kompyuta ndani ya lile banda. Wanafunzi wakaanza kusema wote kwa pamoja, hakuna aliyesikika. Kisha mmoja wao akaanza neno ambalo halikutoka upesi, na wengine wakanyamaza wakamwachia. Hata mkaguzi alingoja. Hata wale wakubwa wa bima, ambao kaka alikuwa amesahau kuwakatia mawasiliano, walingoja.

"Mwalimu," akasema Kimya, "mwandike Shangazi. Sisi tutarudi karakana tufanye kwa mikono yetu. Lakini kama karakana haipo, tutarudi wapi?"

Wifi alilia. Alilia kwa sauti, mbele ya mkaguzi, mbele ya kampuni ya bima, na mimi nikamkumbatia nilivyolowa, nikalia naye. Kisha nikamtajia mkaguzi jina langu.

Chuo kilipofunguliwa, wifi aliondoa kufuli la karakana kwa mkono wake, na wale kumi na wawili wakaingia mmoja mmoja wakigusa meza kama watu waliorudi kwao. Mkuu wa chuo alikuja na kamera ya kumbukumbu. Akanisimamisha mbele yao, mhitimu pekee wa mabomba wa mwaka ule, akanikabidhi cheti changu, akaniomba niwape vijana neno la kuwatia moyo. Nilimtazama Mrefu, nikamtazama Ghorofa, nikamtazama Kimya. Nilikikunja cheti, nikamwomba wifi spana, nikaenda kukaa benchi la nyuma, maana kati ya wanafunzi wote mle ndani mimi peke yangu ndiye niliyekuwa na cheti, na mimi peke yangu ndiye niliyekuwa sijui kitu.